Makadirio ya Kesho

Malvern, Jumatatu, 15 Juni

Binti yangu Kathambi,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi wazima, kama mtu anaweza kuitwa mzima baada ya wiki kama ile. Maman Jeanne tumemzika Jumamosi. Baba yenu Firmin anakusalimu. Ana kikohozi kidogo tu, baridi ya Johannesburg na yeye hawajawahi kupatana.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nitapiga kelele, na wewe mwenyewe uliniambia simu ya mezani kwenu inarekodi kila neno, na ya kwako inafungiwa kwenye sanduku mpaka zamu iishe. Basi barua hii ataileta Elisée. Analinda geti la jengo lenu huko Marshalltown, na Jumapili anaimba nasi kanisani. Yeye hasikilizi wala harekodi, na kwenye besi haimbi vizuri, lakini kupeleka barua atapeleka.

Leo tumepata barua ya kampuni yenu. Héritière amenisomea, maana ni Kiingereza cha wanasheria. Binti huyo niliyemzaa Kiswahili anakielewa chote, lakini kujibu ni Kiingereza tu mpaka naona haya mbele ya wageni. Barua inasema kwamba Jumatano na Alhamisi jioni jengo letu lilitumia umeme mara mbili ya ule tuliokadiria. Inasema tumetozwa kitu kinaitwa bei ya tofauti. Na inasema tukikosea hivyo tena kabla Julai haijaisha, mkataba unavunjwa.

Mkataba ukivunjwa chumba cha baridi kinazimika, Kathambi. Unakijua chumba hicho. Wanawake kumi na mmoja wanaweka mle samaki wao, sombe yao ya majani ya muhogo, kuku wao, na hakuna hata mmoja mwenye pa kuviweka pengine hapa Jules Street. Kabla hujatuingiza kwenye huu umeme wa kununua kwa pamoja, laini ya zamani ilikuwa ikikatika, na tulikuwa tunatupa samaki kwa magunia huku tunalia. Sitaki kurudi huko, na sidhani kama tungerudi tungepona.

Ile bei niliyoona kwenye karatasi sijapata kuiona duniani. Nani aliiweka? Nitajie jina lake tu. Nitakwenda na mchungaji na wanawake wawili wa heshima, tukae chini, tumweleze. Hakuna mtu asiyeweza kuombwa.

Mama yako,
Denise


Marshalltown, Jumatano, 17 Juni

Mama Denise mpendwa,

Pole tena kwa Mama Jeanne. Nilipata habari Ijumaa, tena kwa Elisée getini, na niliumia kwamba nimezipata huko.

Jina la mtu huyo siwezi kukutajia kwa sababu hayupo. Nikuambie inavyokwenda, nawe unirudishie ukikwama, kuuliza si ujinga.

Kila siku kabla ya saa sita mchana, kila anayenunua umeme anaandika atatumia kiasi gani kesho, saa kwa saa. Nyinyi mnaniambia mimi, mimi napeleka. Wenye mitambo nao wanaandika watazalisha kiasi gani. Kesho ikifika hakuna anayetimiza sawasawa. Wingu linapita juu ya paneli za jua, kiwanda kinachelewa kufunga. Na umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Unaoingia kwenye gridi lazima ulingane na unaotoka, muda huo huo, la sivyo nchi nzima inaingia gizani. Basi msimamizi wa gridi ana orodha ya mitambo iliyo tayari kuongeza, kila mmoja na bei yake. Umeme ukipungua anaita ule wa bei nafuu kwanza, halafu unaofuata, halafu unaofuata, mpaka pengo lizibe. Bei ya mtambo wa mwisho kuitwa ndiyo inakuwa bei ya saa ile, na kila aliyetumia zaidi ya alivyosema analipa hiyo. Umeme ukizidi anafanya kinyume, anawaambia wapunguze, na bei inaporomoka, mara nyingine mpaka haibaki kitu.

Jumatano ile baridi ilishuka ghafla, jiji zima likawasha hita, na mtambo mmoja mkubwa ukagoma jioni ile ile. Wa mwisho kuitwa ulikuwa wa dizeli. Hiyo uliyoiona kwenye karatasi ni bei ya dizeli. Hakuna aliyekaa akaipanga, Mama. Ilitokea.

Kinachonisumbua ni kingine. Niliuona mstari wa Malvern ukipanda kwenye skrini yangu, nikakupigia. Ukaniambia, “Ni maombi tu mwanangu, yanaisha sasa hivi.” Ninaruhusiwa kurekebisha makadirio hata saa moja kabla, lakini mteja lazima aseme. Nilikuamini, nikayaacha yalivyo. Kwa nini hukuniambia?

Msalimie Baba Firmin. Mwambie asali na tangawizi, na aache kusimama mlangoni kuamkia kila mpita njia.

Wako,
Kathambi


Malvern, Jumamosi, 20 Juni

Kathambi,

Umeniuliza kwa nini, nami nitakujibu, ingawa nilidhani mtu wa Kiswahili hahitaji kuambiwa.

Kaka mkubwa wa Jeanne anaitwa Marcellin. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo ndiye anayepaswa kusikia kwanza, kwa mdomo, akiwa amekaa. Jumatano alikuwa njiani kati ya Uvira na Baraka, kwetu Kongo, ambako simu haishiki. Mpaka yeye asikie, hakuna anayeruhusiwa kuandika wala kutamka neno lile kwenye simu. Unajua simu za siku hizi. Neno likiandikwa hapa Malvern linafika Uvira kabla maji ya chai hayajachemka, na mama mzazi angelisikia sokoni, kwa muuza nyanya. Hilo ungenisamehe?

Kwa hiyo tuliita maombi. Watu walijaa ukumbini kwetu kwa kunong'onezana, maana Jeanne alikuwa na chumba kimoja tu ghorofa ya tisa Hillbrow, na lifti ya huko ni jina tu. Mwenye jengo amekataza makaa tangu jengo la jirani liungue. Tuliwasha hita saba, tukapikia majiko ya umeme, watu mia na zaidi, kila mmoja anataka chai. Marcellin alipatikana Alhamisi jioni. Ulitaka nikuambie kwenye simu inayorekodi, Jeanne hajatimiza hata saa tatu?

Na hiyo bei nimeielewa, usidhani mwalimu wa Bukavu amesahau kusoma. Nimeielewa kwa njia ya jikoni. Kwenye kilio kila nyumba inasema itakuja na watu wangapi, tunapika kwa hesabu hiyo. Wakizidi tunamtuma mtu kwenye spaza, kiduka cha mtaani, ya mwisho iliyo wazi, ambayo bei yake ni ya wizi, na aliyeleta watu wa ziada ndiye analipa. Hapo sina neno. Lakini Jumatano si watu wangu walioifungulisha ile spaza. Ni jiji zima na baridi yake, ni mtambo uliogoma. Mimi niliongeza hita saba. Kwa nini nilipe kana kwamba dizeli niliiita mimi? Na ningekosea vilevile siku ambayo umeme umezidi?

Nijibu hilo. Na hata kama bei haina mwenyewe, ile barua ya onyo ina mwenyewe, mtu aliketi akaiandika. Chini imeandikwa jina la idara tu. Nitajie huyo basi.

Firmin anakohoa bado, lakini anakula.

Denise


Marshalltown, Jumanne, 23 Juni

Mama,

Nisamehe kwa lile swali. Kwetu Meru pia kuna wa kuambiwa kwanza. Nimekaa na skrini hizi mpaka nikasahau.

Ungekosea vilevile siku ambayo umeme umezidi, usingelipa karibu chochote. Kosa ni lile lile, hita ni zile zile. Bei haiangalii wewe umefanya nini, inaangalia gridi nzima ilikuwa na hali gani saa ile. Nimejaribu kulitetea jambo hili kichwani siku tatu, kwa sababu nililisomea na lina mantiki yake: bila hivyo kila mtu angekadiria ovyo na taa zingezimika. Lakini hita zenu saba hazikuita dizeli, hapo umesema kweli.

Nilimwendea Steve, mkuu wa zamu. Si mtu mbaya, ana mama mgonjwa Durban na kila Ijumaa anaendesha gari kwenda kumwona. Nikamweleza habari ya Uvira na Baraka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Eish, Kathambi, that's sad.” Kisha akanionyesha ukurasa wa malalamiko kwenye kompyuta. Kuna sehemu ya kusema mita ilikosea, na sehemu ya kusema hesabu ilikosea. Mita haikukosea, Mama, na hesabu haikukosea.

Na aliyeandika ile barua ya onyo ni mimi. Maneno yanatoka kwenye mfumo, lakini wateja wa Malvern ni wangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeyasoma, nikajaza jina la jengo, nikabonyeza. Nilikaa nayo siku nzima. Nisingebonyeza, angebonyeza mwingine, nami nisingekuwepo tena hapa wa kukupigia simu.

Huna haja ya mchungaji wala wanawake wawili wa heshima. Mtu wa kuombwa ni mimi, na siwezi kitu.

Ninachoweza ni kimoja. Mpaka Julai iishe, niambie kila kitu mapema, kabla ya saa sita ya siku iliyotangulia, maana mwenye onyo harekebishiwi tena siku yenyewe. Ubatizo, sherehe, mkesha, hata mkitaka kupika maharage mengi. Kosa moja tena kama lile na hakuna hata wa kumwendea. Mpe barua Elisée, nitaisoma wakati wa chai.

Kathambi


Malvern, Jumanne, 7 Julai

Binti yangu,

Sikukuandikia kwa sababu nilikukasirikia, halafu hasira ikaisha, halafu nikakosa nafasi. Mwanangu ni mwanangu hata akiniandikia onyo kwa Kiingereza.

Nina swali moja fupi. Je, mtu anaweza kukadiria jambo ambalo hana hakika nalo? Jambo la watu wengi, hapa ukumbini, kubwa kuliko lile la Jeanne. Litakuja, lakini siku yake haijulikani.

Denise


Marshalltown, Jumatano, 8 Julai

Mama Denise wangu,

Haya, haya! Kwa hiyo Parfait hatimaye ameleta wazee? Nilijua. Tangu Pasaka nilimwona anavyombebea Héritière viti vya kanisa, kijana ambaye kwao hata sahani haoshi. Na wewe unanificha, “jambo la watu wengi”! Mwambie Héritière safari hii ajibu kwa Kiswahili, maana wakwe watamwuliza kwa Kiswahili.

Jibu ni ndiyo, unaweza. Makadirio ni makadirio, hakuna anayeuliza umejuaje. Lakini siku lazima muichague. Ukiandika umeme wa watu mia mbili, na watu wasije, hilo nalo ni kosa, sawa na kutumia bila kuandika. Tofauti ni tofauti, iwe juu iwe chini. Kwa hiyo wabaneni hao wazee wataje siku, wasilete habari za “tutaona”. Nikipata siku kabla ya saa sita ya siku iliyotangulia, nitawaandikia mpaka taa za rangi na spika za muziki.

Nafurahi, Mama. Tulihitaji habari njema mwaka huu.

Wako,
Kathambi


Malvern, Jumapili, 12 Julai

Kathambi mwanangu,

Si harusi.

Ni Firmin. Kile kikohozi nilichokuwa nakwambia ni kidogo, hakikuwa kidogo. Nilijua tangu Mei. Yeye ndiye aliyenikataza kusema, hata Héritière alimficha mpaka wiki iliyopita. Hospitali wamemrudisha nyumbani. Walisema maneno mengi ya upole, na walipoanza kunishika bega nikaelewa. Jana daktari wa kanisa amekuja, akasema ni siku chache sana, pengine katikati ya wiki hii.

Nimekaa na hili tangu jana, nikaona nikuandikie kabla sijapoteza ujasiri.

Unamjua Firmin ni nani kwetu. Tangu tulipofika mji huu, Mkongomani akifa yeye ndiye anayetafuta jeneza, yeye anakwenda mochwari, yeye anazunguka Hillbrow mlango kwa mlango kukusanya mchango. Amezika watoto wa watu ambao majina yao hakuyajua. Siku yake watakuja wote. Wa Jeanne walikuwa mia. Hawa sijui kama ukumbi utawatosha.

Na kilio hakiwezi kuhamishwa. Kilio kinakaa pale alipolala marehemu, na chumba chetu kiko nyuma ya ukumbi, mlango mmoja. Makaa mwenye jengo hataki. Ni Julai, siwezi kuwaweka wazee kwenye sakafu ya saruji bila hita. Tukiwasha bila kuandika, kosa la pili, na wale wanawake kumi na mmoja wanapoteza chumba cha baridi kwa sababu mume wangu amekufa. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wao hawakuchuma chochote.

Kwa hiyo nakuomba uandike. Andika Jumatano na Alhamisi. Najua hili ni uchuro. Najua mtu hatabiriwi kifo na mke wake, tena kwa saa. Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata kwa magoti.

Usinipigie simu. Sitaki mashine ya kwenu ihifadhi jina lake na neno hilo pamoja.

Denise


Marshalltown, Jumatatu, 13 Julai

Mama,

Nimeisoma chooni nikarudi mezani nikakaa. Nisamehe ile barua ya harusi. Kama bado unayo, ichane.

Kwetu mtu anayemtaja mgonjwa hivyo anaitwa mchawi, na mimi ndiye ninayetakiwa kumtaja kwenye kompyuta. Nimewaza nikatae. Nikaona nikikataa ninakuachia wewe mzigo wote, halafu najiita mwenye roho safi.

Mfumo unataka haya kabla ya kesho saa sita: hita ni ngapi. Majiko mangapi, na yanaanza saa ngapi. Tanuri la mkate litawashwa? Taa za ukumbi mpaka saa ngapi. Watu watakuwa wengi kuanzia saa ngapi.

Samahani, Mama. Samahani sana.

Kathambi


Malvern, Jumanne, 14 Julai, asubuhi

Kathambi,

Hita saba. Majiko manne. Tanuri la mkate, ndiyo, kwa ajili ya wageni. Taa zote. Watu wataanza kujaa saa kumi na moja jioni wakitoka kazini, na hapo ndipo tutawasha vyote, mpaka saa nne usiku. Alhamisi vivyo hivyo.

Amelala. Usiku wa jana aliniita kwa jina la mama yake.

Denise


Marshalltown, Jumatano, 15 Julai, jioni

Mama yangu mpendwa,

Nimeona.

Saa kumi na moja mstari wa Malvern ulianza kupanda, ukapanda mpaka pale tulipoandika, ukatulia. Ukaufuata mstari wa makadirio kama mtu ameuchora kwa rula. Sikuhitaji kuambiwa. Nikajua Baba Firmin ametutoka.

Pole, Mama. Pole sana. Nimejaribu simu yako nilipotoka zamu, imezimwa, na najua wafiwa huzima. Nakuandikia kwa sababu siwezi kukaa bila kusema neno. Alinipokea mji huu nikiwa sijui hata robot, hizi taa za kuvukia barabara. Alinitafutia chumba, akakagua kufuli la mlango mwenyewe kwa bisibisi, akakataa soda. Mungu ampumzishe mahali pema.

Sijui kama ni sawa kuandika hili kwenye barua ya rambirambi, lakini utataka kulijua. Jioni hii gridi ilipungukiwa tena, dizeli ikaitwa tena, bei ikapanda kama ile ya Juni. Nyinyi haikuwagusa. Hamkuzidi, hamkupungua. Chumba cha baridi kiko salama. Steve alipita nyuma ya kiti changu, akaangalia skrini, akasema kwa Kiingereza chake, “Malvern, sharp, safi kabisa! Wamejifunza hawa.” Nikatabasamu. Mama, nilimtabasamia, halafu nikajichukia.

Hatuna ruhusa ya kuwatembelea wateja wenye onyo. Jumamosi ninakuja, na waseme watakavyo.

Mwanao,
Kathambi


Malvern, Alhamisi, 16 Julai

Kathambi,

Firmin hajafa.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, nikaikunja upesi kama mwanafunzi aliyekamatwa, ingawa macho yake hayawezi kusoma tena. Usijilaumu. Ulichokiona kwenye mstari ni mimi.

Jana tangu mchana nilikuwa nimemshika mkono. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia: nilikuwa naangalia saa. Akivuta pumzi namshukuru Mungu, halafu nafikiria hita. Ilipokaribia saa kumi na moja nilikasirika. Mume wangu, baba wa mtoto wangu, nilimkasirikia kwa sababu bado anapumua. Nimeomba msamaha kwa Mungu, yeye pengine amenipa. Mimi sijajipa.

Basi nikaenda ukumbini. Uliandika kilio, na kilio hakikuwepo, na uliniambia watu wasipokuja hilo nalo ni kosa. Simu niliizima, maana ungenipigia ungeniuliza, na mashine ya kwenu ingehifadhi. Nikawasha hita zote. Nikawasha majiko manne, nikateleka masufuria ya maji matupu. Nikawasha tanuri, halina hata mkate mmoja. Taa zote. Wanawake waliokuja kuchukua samaki wakauliza kuna nini, nikasema fundi ameniambia nijaribu plagi. Wakaniangalia, wakaondoka. Nikabaki na viti vya plastiki.

Firmin aliuona mwanga chini ya mlango. Akaniita.

“Denise, nani amekufa?”

Nikasema, “Hakuna.”

“Sasa mbona mmewasha ukumbi wote? Niambie. Nani wa kwenda mochwari kama mimi nimelala hapa?”

Nikamwambia kwa kweli hakuna aliyekufa, ni kujaribu umeme tu. Akautazama tena ule mwanga. Kisha akasema, kama kuna joto huko, nimpeleke akaote.

Amekuwa mwepesi. Mimi na Héritière tulimbeba na kiti chake. Tukamweka katikati ya hita, mahali ambapo huwa tunaweka picha ya marehemu, maana ndipo penye nafasi. Akanyoosha mikono, akageuza viganja huku na huku. Mtu huyu hajapata joto tangu Mei. Alikula uji, bakuli zima, Héritière akimlisha na kumsemesha kwa Kiswahili, maneno yote, hata yale nisiyojua kama anayajua. Akaniuliza kwa nini hatukuwa tunawasha hivi siku zote.

Nikamfuta uji mdomoni. Watu watachanga kwa ajili ya kilio chake, hakuna atakayeuliza bei. Hao hao siwezi kuwaambia wachange hita saba kwa ajili ya mgonjwa anayesikia baridi. Na wale wanawake kumi na mmoja hawana.

Leo bado tunao umeme, maana uliandika siku mbili. Asubuhi hii ameamka ananiuliza kama na kesho tutawasha.

Sasa ni saa nne. Elisée amesimama mlangoni anangoja niimalize. Makadirio ya kesho yanafungwa saa sita. Niambie niandike nini.

Denise